Mwaka wa Mstari wa Maji

Mwezi uliopita nilikwenda mtaa wa Iftin, Garissa, kumsalimia Halima, aliyekuwa mhasibu wa ofisi yetu ya zamani. Alikuwa amerudi kutoka Hija, na sote tuliofanya kazi naye tuliitwa kula. Wanaume walikuwa kwenye mazulia upande wa dirishani, sisi wanawake upande wa mlango, na katikati pamepangwa masinia ya bariis, wali wetu wa viungo, na nyama ya mbuzi, ndizi pembeni, mtindo wa kwetu. Sijamaliza kuvua viatu nikasikia sauti ya kipwani, ile ya kuvuta maneno, ikisema, "Huyo, huyo ndiye mwanangu niliyewaambia." Alikuwa Mhandisi Omari, mkubwa wangu wa kazi wa zamani. Ndevu zimekuwa nyeupe, tumbo limemtangulia, lakini mdomo ni ule ule. Akaanza kuwasimulia vijana wa Halima jinsi "mimi na Fardosa" tulivyochagua programu ya kuchora maji ya kisima papo hapo yanaposhuka, na jinsi tulivyokuwa tukitumbukiza kihisi kwenye pipa kama watoto wanaocheza. Watu wakacheka. Hakusema uongo hata neno moja, aliishia tu pale palipomfaa. Na mimi, badala ya kumkata kauli, nikatabasamu, nikanawa mikono, nikala. Nilirudi nyumbani na hasira niliyodhani ilikufa zamani, na nusu ya hasira hiyo ni ya lile tabasamu.

Habari za kwetu nyumbani, nani alimzaa nani na mifugo ilikuwa mingapi, sizileti hapa. Nianze na chumba. Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Waberi, humo humo Garissa, nyumba ya kupanga yenye paa la mabati. Chumba cha nyuma ndicho kilikuwa cha mitambo, na joto lake lilikuwa la kuokea mkate. Kulikuwa na feni moja iliyozunguka ikikwaruza, meza mbili zilizounganishwa, kompyuta ndogo yenye vumbi kwenye kila kitufe, na nje ya dirisha, chini ya kibanda cha makuti ambacho Omari mwenyewe alikijenga kwa kukumbuka kwao Malindi, pipa refu la maji. Asubuhi mama mmoja alituletea anjera, zile chapati laini za unga uliochacha, na chai ya maziwa ya ngamia. Omari alikuwa akiinywa kwa uso wa mtu anayemeza dawa, kisha anaomba kikombe cha pili. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, msichana mwembamba wa maneno makali, na yeye alinipokea kama mzazi. Nilimwita Mwalimu. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza kitu mara tatu bila kunifokea isipokuwa yeye, na hilo nitalisema hata nikiwa nimemkasirikia.

Kazi yetu ilikuwa kujaribu visima vilivyokwisha kuchimbwa. Unashusha pampu chini, na pamoja nayo unashusha kihisi, kidude cha chuma cha ukubwa wa kidole kinachopima kina cha maji na kupeleka habari juu kwa waya. Pampu inavuta maji mchana na usiku bila kupumzika, na kompyuta inachora mstari. Mwanzo mstari huporomoka, hilo ni la kawaida. Ukija ukalala, kisima kinajazwa kwa kadiri unavyokichota, mshukuru Mungu. Ukiendelea kuteremka, hata kidogo kidogo, unakamua kitu ambacho hakirudi. Basi, elimu yote ndiyo hiyo. Tatizo ni kwamba programu tuliyoikuta ilikuwa kila ikipokea kipimo kimoja kipya inafuta skrini na kuchora upya kila kitu tangu mwanzo. Asubuhi ilikwenda mbio, adhuhuri ikawa inaburuta miguu, na alasiri unaangalia maji ya saa nzima iliyopita ukidhani ni ya sasa. Kwenye kisima kimoja maji yalishuka mpaka kwenye pampu, pampu ikavuta hewa na kuungua, na skrini bado inatuonyesha kila kitu ni shwari. Mkurugenzi aliwaka kweli kweli. Akasema tutafute programu nyingine inayokwenda sambamba na kihisi, na tusirudi uwandani kabla ya kuipata.

Tukawa na tatu za kuchagua. Ya kwanza ililetwa na muuzaji mmoja kutoka Nairobi aliyevaa koti kwenye jua la Garissa. Ilikuwa na saa za mishale, taa za kijani na nyekundu, madoido ya harusi, na kompyuta yetu ilipoibeba ilihema. Hiyo tuliitoa siku ile ile. Ya pili ilikuwa ya mbio kuliko zote. Ukigusa waya, mstari unaruka kabla hujatoa kidole. Lakini mbio zake zilikuwa na siri nyepesi: ilishika dakika chache za mwisho tu, na kila kipimo kipya kikiingia upande wa kulia, cha zamani kinatupwa nje upande wa kushoto, kimepotea, hakikuandikwa popote. Tena ilijisogeza yenyewe ili mstari ukae katikati ya skrini daima. Ya tatu ilikuwa ya bure, haina sura, na ilinibidi niiandikie mimi mwenyewe maelekezo, mstari baada ya mstari. Hiyo ilihifadhi kila kitu, lakini haikupoteza nguvu kuchora kila nukta. Skrini ina safu zake nyembamba za wima, nayo kwa kila safu ilichora kipimo cha juu kabisa na cha chini kabisa, basi. Jicho halikosi kitu, na kompyuta haichoki.

Kuzipima ndiko tulikofanya kwenye pipa, na nikiri kwamba sijapata kufurahia kazi tena namna ile. Omari anasimama nje kwa kikoi na fulana, ameshika waya wa kihisi, mimi ndani nimekodolea skrini, dirisha liko wazi. Anaita "sasa" na kukizamisha. Nami naita "sasa" mstari ukianguka. Sauti zetu zikigongana, programu imefaulu. Zikiachana, imeshindwa. Jirani alituuliza kama tuna akili timamu. Tuliacha ile ya tatu ikimeza vipimo tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri, kisha Omari akazamisha, na sauti zetu zikagongana vile vile kama ilivyokuwa asubuhi. Akaingia ndani maji yakimchuruzika, akanipa mkono. "Umenishinda, mwanangu. Ni yako." Nilikuwa nimebishana naye juma zima, kwa sababu yeye aliipenda ile ya pili, alisema ni nyepesi na haina makuu. Nami nilimwambia hivi, naikumbuka kauli yangu: "Mwalimu, hiyo haiwezi kukuonyesha maji yanayoshuka polepole. Kila ukiitazama itakuambia yamelala." Akacheka, akasema nina ulimi wa wakili. Ijumaa hiyo akakaanga mahamri kwa mikono yake, ofisi nzima tukala. Kwa hiyo mtu asije kuniambia kwamba Omari hakujua. Nilimfafanulia mimi mwenyewe.

Kisima kilichofuata kilikuwa kusini ya Wajir, kwa watu wa mama yangu. Kabla ya safari nilimsikia Omari akizungumza na mkurugenzi kwa simu. Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa mbao, husikii tu kile usichotaka. "Usiwe na wasi," alisema. "Msichana ni wa kwao. Akisema yeye, wamemaliza." Nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi, kichwa kimevimba kwa majivuno. Nilidhani nasifiwa. Siku hizi nikikumbuka jinsi nilivyotembea siku ile, mabega juu, nataka kumshika yule msichana nimtikise.

Tulifika, mafundi wakashusha pampu, nami nikafungua programu yangu na kuhakikisha inachora. Omari akaniambia niende nikalale kwa abti yangu, kaka yake mama, niwasalimie watu, usiku atakaa yeye na pampu. "Wewe una jamaa hapa, mimi nina mbu," alisema. Niliona ni huruma. Abti Ibrahim alikuwa mfanyabiashara wa ngamia, mtu wa kelele, simu mbili, haketi mahali pamoja. Mkewe alinipikia nyama ya ngamia na mkate wa muufo. Wanawake wa boma lile walikuwa na punda wa maji, wanyama wenye migongo iliyochubuka, na safari yao ilikuwa kwenda kisima cha zamani alfajiri na kurudi jua likiwa limekaribia kuzama. Mke wa abti aliniuliza akinimiminia chai, "Naa Fardosa, tutapumzika?" Nikamwambia asubuhi tutajua.

Asubuhi wazee walikuja, na vijana, na kina mama wakasimama nyuma. Kwa watu wetu, jambo la kisima halipokelewi kwa karatasi. Linasemwa mkutanoni, kwa mdomo, na mtu mwenye jina na ukoo, na akishasema, watu wanahama na mifugo yao kwa neno hilo. Kompyuta ilikuwa ndani ya katoni ili jua lisiingie kwenye skrini, na mtu aliinama kuchungulia. Nikainama. Skrini nyeupe, mstari wa buluu, rangi zangu mimi, na mstari umelala kutoka ukingo mpaka ukingo. Moyo wangu ulijaa. Nikauliza tu, "Mwalimu, mbona saa hazionekani hapo chini?" Akajibu bila kupepesa, "Nimezificha ili mstari uwe mkubwa, wazee waone. Huo ni tangu jana." Niligeuka, nikawaambia wazee kwa Kisomali kwamba tangu jana maji hayajashuka, kisima hiki kinashika. Mzee mmoja akaniuliza kwa lugha yetu, "Wewe unasema hivyo, binti ya dada yetu?" Nikasema, mimi nasema. Dua ikasomwa, mbuzi akachinjwa. Omari alikula maini.

Siku kadhaa baada ya kurudi Garissa nikaifungua kompyuta ili nichore mchoro mzima wa kuweka kwenye ripoti. Hapakuwa na mchoro mzima. Programu yangu ilikuwa imefungwa jioni ile ile niliyoondoka, mstari ukiwa bado unateremka, na baada ya hapo hapana kitu. Iliyokuwa ikikimbia asubuhi ile ni ya pili, ile isiyokumbuka, imevishwa rangi za yangu. Nilikaa nikiitazama mpaka umeme ukakatika na feni ikazimika. Kisha nikatoka nje, nikamkuta Omari kibandani na chai yake. Nilimuuliza kwa upole, maana bado nilikuwa natafuta namna ya kumwokoa. Labda iligoma, labda betri. Hata hakujisumbua kunidanganya.

"Ulikuwa unateremka," alisema. "Polepole tu. Mvua ikinyesha vizuri huenda kikajaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejua, ungewaambia kinashika?"

"Nisingewaambia."

"Basi," akasema, na akanywa chai.

Nimeishi na ile "basi" miaka yote hii. Angeniambia alilazimishwa, angelia, angenitukana, ningepata pa kushika. Lakini alinieleza kama anavyonieleza hesabu: kampuni haiwezi kuacha kisima kingine kikavu mwaka ule, wazee hawamwamini mtu wa Malindi, wanamwamini binti yao, na binti yao hasemi uongo, kwa hiyo ilibidi binti asijue. Akaongeza kwamba siku moja nitakuwa mkubwa na nitamwelewa. Sasa nimekuwa mkubwa. Nimeajiri watu, nimebanwa na wakubwa mpaka nikakosa usingizi, na bado simwelewi. Alinivisha kilemba cha ukoka mwaka mzima, akaniita mwanangu, akanipa ushindi na mahamri juu yake, halafu akautumia ulimi wangu kama anayeazima nyundo. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba alipotaka kuwahadaa watu wangu alijua hasa la kufanya, kwa sababu mimi ndiye niliyemweleza programu ile inaficha nini.

Mkurugenzi aliniambia kisima kimekwisha kukabidhiwa na niache utoto. Nikampigia abti simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akasema, "Uliyasema mkutanoni. Simu haiwezi kuyaondoa." Nikamuuliza kama bado wana punda. Akasema hapana. Punda walikuwa wameuzwa wote sokoni Wajir wiki iliyotangulia. Nani afuge punda wa maji na maji yako mlangoni?

Nikaomba ruhusa, nikanyimwa, nikaenda. Niliketi mbele ya wazee wale wale, nikasema kwamba niliyoyasema hayakuwa kweli, na kwamba sikujua. Nilijaribu kuwaeleza habari za programu mbili, moja inayoshika yote na moja inayotupa ya nyuma. Nilichora mchangani kwa kijiti. Walinitazama kwa adabu. Mzee aliyeniuliza mara ya kwanza akasema, "Binti, hayo ya kompyuta tuachie. Sisi hatukuitazama kompyuta. Tulikutazama wewe." Hakuna aliyenifokea. Mke wa abti alinimiminia chai kama kawaida, lakini hakuketi kuzungumza nami, alisema ana kazi. Kiangazi kilipokaza, pampu ikaanza kutema hewa, na wanawake wakarudi kwenye njia ya kisima cha zamani, safari hii na madumu migongoni mwao wenyewe. Nilizisikia habari hizo kwa watu wengine. Abti hakunipigia.

Omari alihamishiwa pwani kabla mwaka haujaisha, kwa cheo. Walimfanyia chakula cha kumuaga, nami sikwenda, nikasema nina homa. Heri ningekwenda. Ningesimama nikamwaga mtama mbele ya wote, labda leo Halima na wanawe wangekuwa na hadithi nyingine ya kucheka. Nilidhani kuondoka kwake kunamaliza jambo. Mkurugenzi aliniachia mimi kazi ya majaribio yote, na nikaapa hakuna kompyuta itakayokwenda uwandani na programu nyingine isipokuwa ile ya tatu. Niliifuta ya pili kwa mkono wangu.

Jaribio langu la kwanza peke yangu lilikuwa katika kijiji kilicho mbali na watu wa abti, ukoo mwingine kabisa, na nilifikiri huko naanza upya. Nilikaa na pampu mwenyewe tangu ilipowashwa. Nililala kwa vipande vipande kwenye mkeka kando ya jenereta, na dereva wetu mpya, Musyoka, Mkamba wa Kitui aliyekuja Garissa mwezi huo huo, alikesha nami akinitengenezea chai nyeusi na kulalamikia mchanga. Kilikuwa kisima cha ajabu. Mstari uliporomoka, ukapinda, ukalala, na ukabaki umelala, na saa zote zimeandikwa chini, kuanzia ya kwanza. Sijaona mchoro mzuri kama ule. Wazee walipokuja nilifungua katoni pande zote ili kila mtu aone, nikawaonyesha kwa kidole pale tulipoanza na pale tulipo. Nikawaambia kwa Kisomali, taratibu, kwamba maji yameshuka na yakasimama, na kwamba kisima hiki kinashika.

Mzee wao alinishukuru vizuri. Akaniombea dua, akaniuliza habari za mama yangu kwa jina lake. Hapo nikajua habari zilinitangulia. Kisha akatazama kando, kwenye gari, ambako Musyoka alikuwa anafuta kioo.

"Warya, dereba," aliita kwa Kiswahili chake. "Kuja hapa."

Musyoka akaja akijipangusa mikono.

"Wewe nakaa hapa tangu jana?"

"Tangu jana, mzee."

"Hii laini iko namna gani?"

Musyoka hakuwa amewahi kuona kisima kikijaribiwa. Alinitazama kwanza mimi, hajui kama ni mtego. Akainama kwenye katoni, akatazama kwa muda.

"Imelala," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu usiku. Nimeiona mwenyewe, haijaenda popote."

Mzee akawageukia wenzake na kuwatafsiria. Wakaitikia alhamdulillahi mmoja mmoja, na wanawake nyuma wakapiga vigelegele. Mtu alimletea Musyoka kigoda na maziwa. Dua ilipoanza kusomwa nilirudi nyuma, nikasimama na kina mama nisiowajua, nikainua mikono na kuitikia amina kwa Kisomali changu kizuri.